Mashine ya kwanza ya kuvunja paswadi kwa GPU zaidi ya moja: anza na soketi ya ukutani

Juzi kijana mmoja wa Shela, Shela ya huku Malindi sio ile ya Lamu, kaja na picha kwenye simu, kadi za picha (GPU) za RTX 3090 tatu zimepangwa juu ya kitanda cha mtu huko Nairobi, ati bei poa sana, ananiuliza kaka hizi ninunue mazabodi gani ziingie zote. Nikamuuliza chumba chako kina soketi ngapi. Akacheka. Nikamwambia sikutanii, hizo tatu zikikaza ni wati 1,050 peke yake hujahesabu kompyuta yenyewe, na wewe walala chumba hicho hicho chenye panka moja la juu, mwezi wa tatu ukiingia utahamia barazani na mkeka.

Basi hii naandika kwa yeye na wenzake, na ntaenda kinyume na wanavyoenda wengi, stima kwanza, joto la pili, halafu pawa saplai na waya, ndo kadi na chuma kilichobaki. Huku pwani kadi sio ndo inayokuamulia, ni ukuta na hewa.

Lakini kabla ya yote tuelewane hii mashine inafanya nini manake wengi wanadhani inabisha mlango wa mtandao mpaka ufunguke. Hapana. Inafanya kazi na hashi, yaani ile alama ambayo kompyuta huweka badala ya paswadi yenyewe, ambayo tayari unayo mkononi. Hashi ni kama nazi ishakunwa, hairudi kuwa nazi ng'o, unachofanya wewe ni kukuna nazi nyingine na nyingine na nyingine mpaka upate machicha yanayofanana na yale, basi hapo wajua ilikuwa nazi ipi. GPU ni mbuzi za kukunia, nyingi, zakuna pamoja. Mimi hutumia yangu kwa kazi mbili tu, mtu kasahau neno la siri la faili yake mwenyewe, au mwenye biashara anataka kujua wafanyakazi wake wameweka paswadi za kijinga kiasi gani. Zote mbili sianzi bila karatasi yenye sahihi ya mwenye mali, Kenya tuna sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 na haina mchezo, kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa hata kama ulikuwa wajaribu mashine tu.

Sasa spidi. Usiulize kadi hii ina spidi gani, uliza ina spidi gani kwa hashi ipi. RTX 4090 moja ukiipima kwa hashcat, ndo programu yenyewe ya kuvunjia, hashi za NTLM zile za Windows inakwenda kama bilioni 288 kwa sekunde. Kadi hiyo hiyo ukiipa bcrypt, hashi iliyotengenezwa makusudi iwe nzito, ya kiwango cha 5, ambacho ni kidogo mno, inashuka mpaka kama 184,000. Mwenye akili akiweka kiwango cha 12 inabaki kama 1,400 kwa sekunde, kadi ya mapesa yote hayo yatambaa kama kobe. Wi-Fi za WPA2 ziko katikati, kama milioni mbili na nusu. Na hapo ndo utajua kwa nini nawapigia kelele wenye nyumba za wageni waache kuweka namba ya simu kuwa paswadi ya Wi-Fi, manake namba ikianza na 07 zimebaki tarakimu nane tu, yaani milioni 100 zote kwa ujumla, kadi kama hiyo yazimaliza kwa sekunde 40, chai haijapoa hata kidogo.

Na kabla hujasema basi nijaze kadi sita, piga hesabu hii. Paswadi ya herufi nane, ukichanganya kubwa ndogo namba na alama, jumla 95 za kibodi, ni kama trilioni 6,600. NTLM kwa 4090 moja, masaa sita na nusu hivi. Ongeza herufi moja tu ziwe tisa, siku 25. Ukiweka kadi ya pili siku 25 zinakuwa 12 na nusu. Yaani herufi moja yakula kadi 95, na hiyo vita hushindi kwa pesa, labda uwe serikali. Mwaka 2012 Jeremi Gosney, bingwa wa kuvunja paswadi, alionyesha kule Oslo mashine zake zenye GPU 25 zikienda bilioni 348 za NTLM kwa sekunde na dunia nzima ilishika kichwa, leo kadi moja yakaribia hapo, lakini herufi tisa bado ni herufi tisa. Kazi nyingi nilizofanikiwa nimefanikiwa kwa orodha nzuri ya maneno na kanuni za kuyageuza, sio kwa wingi wa chuma. Orodha ya Kizungu peke yake haikusaidii huku, watu wanaweka jina la mtoto na mwaka, jina la timu, Bismillah na 786, jina la mashua. Kwa hiyo kadi mbili kwa kuanzia zinatosha. Mbili. Utajifunza yote ya kujifunza na mbili.

Haya, ukutani. Soketi zetu ni za ampia 13, volti 240, kwa hesabu ya karatasi ni wati 3,120, lakini hiyo ni plagi, waya ulio ndani ya ukuta ni habari nyengine. Nyumba za zamani, za mawe ya matumbawe zile, hasa Lamu mjini, waya umepitishwa na babu wa mtu na soketi tatu zaning'inia kwenye mstari mmoja, na ethi, ule waya wa kupeleka stima ardhini, mara nyingi hakuna, tundu la juu lipo kama pambo. Jinsi ya kujua bila kifaa sio njia ya kuipendekeza ila mimi ndo nilivyojua: nilikuwa nimekaa chini pekupeku, sakafu ya saruji, nikagusa fremu ya mashine kwa mgongo wa vidole ikawa yanitekenya, kama mtu akupapasa na unyoya. Ule sio uzuri. Ile ni stima inayovuja kidogo kidogo kutoka kwenye pawa saplai na haina pa kwenda kwa sababu ethi hakuna, inangoja wewe. Ita fundi wa stima akupimie ethi kabla hujanunua hata bisibisi, na mashine uipe soketi yake peke yake, sio eksitensheni moja na friji na pasi.

Na stima ikipotea na kurudi ile kurudi ndo huua vitu. Watu wataka kununua UPS kubwa, ile betri ya kushikilia stima ikikatika, mimi nasema subiri, UPS iloandikwa 1000VA mara nyingi ni wati 600 tu na yakupa dakika chache. Hashcat yajihifadhi ilipofika, ukiipa jina la sesheni ukirudi waandika --restore yaendelea. Kwa hiyo mimi ninayo ile gadi ya friji tu, ile inayokata volti ikiwa juu au chini na ikirudi yangoja dakika kadhaa ndo iachie. Kama uko upande ambao jioni taa zafifia, ongeza stebilaiza.

Tokeni nazo. Mashine yangu ya kadi mbili za RTX 3060, kabla sijazibana wati, ilikuwa yavuta kama 515 ukutani ikikaza. Masaa 24 ni unit 12 na kitu. Piga mara bei unayolipa wewe halafu piga mara siku za kazi, umueleze mwenye kazi kabla hujaanza. Mamangu mwanzo alikuwa akipita mlangoni auliza "hiyo jenereta yako yazalisha au yala?" Yala mama.

Joto ni hizo hizo wati, zote, hakuna hata moja inayopotea, wati 500 kwenye chumba ni kama jiko dogo la umeme limewashwa mchana kutwa. Kaskazi ikiwa imetulia, chumba kina nyuzi 32 kabla hujawasha chochote, na unyevu hewani ni wa kukamua. Kadi za Nvidia huanza kujipunguza zenyewe zikifika nyuzi themanini na kitu na hashcat husimamisha kazi ikiona 90. Dawa ya kwanza ni ya bure, punguza wati. Kwenye Linux ni nvidia-smi -pl halafu namba, mimi 3060 zangu ambazo ni za wati 170 nimezibana kwenye 130, spidi imepungua kidogo tu lakini kelele na joto vimeshuka sana, na ukiwasha upya hiyo amri inapotea kwa hiyo iweke ijiendeshe yenyewe. Dawa ya pili ni upepo kupita, dirisha upande huu mlango upande ule, mashine katikati, sio pembeni umeikumbatiza ukuta. AC ni nzuri mashallah ila nayo yala, na ukiizima chumba kikarudi moto na unyevu maji yaweza kujitengeneza juu ya chuma baridi, kwa hiyo kama una AC usiipige ikawa barafu.

Bahari ndo kitu ambacho hamna video ya Marekani itakwambia. Ukikaa karibu na ufuo, chumvi yaingia na upepo, yakaa kwenye vile vibati vya kupozea joto, yashika unyevu, na mwaka mmoja kadi yageuka kijani kwenye mabomba ya shaba. Nina brashi ya rangi laini nimeitenga kwa kazi hii tu, kila wiki mbili nasugua, na mashine ikiwa haifanyi kazi naifunika kwa shuka, manake mashine yenye joto hukauka yenyewe, ilozimwa ndo hula unyevu. Paka wa jirani alishagundua uzuri wa hiyo shuka, hiyo ni vita nyengine.

Sasa pawa saplai, na hapa tafadhali usibane pesa, bana kwengine. Jumlisha wati za kadi kwa namba ya kiwandani, ongeza za prosesa na takataka nyingine, halafu acha nafasi ya kutosha juu yake. Kadi mbili za 3060 ni 340, prosesa na vingine nipe 125, jumla 465, mimi nina pawa saplai ya 750 yenye alama ya 80 Plus Gold. Kadi mbili za 3090 ni 700 peke yake, hapo tafuta ya 1,200 na zaidi kwa sababu hizo kadi zina tabia ya kuruka juu ghafla kwa kufumba na kufumbua na pawa saplai ndogo yazimika tu kama imekasirika. Kaangalie pia uzito na lebo. Mimi nilishauziwa na mtu, simtaji, pawa saplai imeandikwa 1000W kwa herufi za dhahabu, nyepesi kama boflo, na ukisoma lebo ndogo ya pembeni upande wa volti 12 ulikuwa ampia 38, yaani wati 456 tu. Volti 12 ndo kadi inakula, kwa hiyo soma ampia za volti 12, piga mara 12, hiyo ndo wati yako ya kweli.

Na waya. Plagi ya pini sita hubeba wati 75, ya pini nane 150, sloti yenyewe ya mazabodi 75. Kadi ikitaka pini nane mbili mpe waya mbili zinazotoka kwenye pawa saplai kila mmoja peke yake, sio waya mmoja wenye vichwa viwili. Hili nimelisoma kwa pua. Mashine yangu ya mwanzo nilitumia zile raiza za wachimba kripto, kipande kidogo cha bodi cha kuikalisha kadi mbali na mazabodi, kinaunganishwa na waya wa USB, na pamoja nazo huja kiwaya cha kutoa umeme kwenye plagi ya SATA, ile bapa ya hadi diski. Plagi ya SATA imeundwa kubeba kama wati 54, sloti inaweza kuvuta 75. Siku ya tatu, baada ya Isha, nasikia harufu kama ya kandambili imewekwa juu ya makaa, nazima, nashika plagi haitoki, plastiki imeyeyuka imegandana na pini, ile nyeupe imekuwa rangi ya kahawia na pini moja imelala. Nilikata waya kwa koleo. Kadi ilipona, Mungu tu. Raiza ipe umeme kwa plagi ya pini sita inayotoka moja kwa moja kwenye pawa saplai, ikiwa raiza haina tundu la pini sita usiinunue hata upewe na shukrani juu.

Kadi sasa. Hashcat haihitaji kadi zinazofanana, waweza kuweka 3060 na 2080 Ti kwenye mashine moja kila mmoja akafanya kwa nguvu yake, wala hauhitaji SLI wala daraja lolote la kuziunganisha. Memori ya kadi haijumlishwi na kwa hashi nyingi GB 8 zatosha, labda uwe unafanya zile zinazokula memori makusudi kama scrypt. Kwa hiyo usilipe zaidi kwa sababu ya 24GB, hiyo ni ya watu wa AI na ndo wamepandisha bei. Unachotafuta ni spidi kwa wati na spidi kwa shilingi, na huku wati ina uzito zaidi. 3090 ni NTLM kama bilioni 121 kwa wati 350, 4090 ni 288 kwa 450, yaani kwa kila wati 4090 inafanya karibu mara mbili. Ndo maana hata ukishuka chini, kadi ndogo ya kizazi kipya mara nyingi ni afadhali kuliko kubwa ya zamani inayokuchoma. GTX 1080 na wenzake zilikuwa farasi wa kazi hii miaka mingi, ila CUDA 13 ya 2025, programu ya Nvidia ya kuzitumikisha kadi, imeziacha nje, kwa hiyo kama wapewa bei ya chini sana sawa utabaki na draiva za zamani, kama ni bei ya kati pita. Na usidanganyike na zile Tesla K80 za bei ya karanga mtandaoni, hazina feni yoyote, zimezoea kupuliziwa upepo ndani ya seva, na plagi yake ya umeme inafanana na ile ya GPU lakini ni ya aina ya prosesa, ukilazimisha waya usio wake waungua.

Za mitumba nyingi zimetoka kwa wachimba kripto, tangu Ethereum iache kuchimbwa kwa GPU Septemba 2022. Mimi sina tatizo nazo, kadi ilofanya kazi moja kwa utulivu miaka miwili ni bora kuliko ya mtoto wa gemu. Zile zilizofungwa kuchimba polepole zilizoandikwa LHR nazo ni sawa, kule kufungwa hakugusi kazi yetu. Lakini nenda na tochi. Mulika ndani ya feni uone vibati, tafuta ukijani na mafuta mafuta yanayovuja kutoka kwenye pedi za joto, zungusha feni kwa kidole isikwaruze, nusa plagi ya umeme, kweli nusa, halafu mwambie aiwashe uipime dakika 20 mbele yake. Mtu akikataa kuwasha ati hana pawa saplai hapa, mwambie ahsante ntarudi kesho inshallah.

Umbo la feni lina maana zaidi ya jina. Zenye feni mbili tatu za wazi hutupa joto ndani ya kasha, ukizipanga mbili zimebanana ya juu yavuta pumzi ya moto ya ya chini. Za bloa, feni moja inayosukuma hewa nje kwa nyuma, zapiga kelele kama jeti lakini zakaa karibu bila kuuana. Mimi nina za wazi na sina kasha kabisa, nilimwendea fundi wa madirisha ya alumini hapa mjini na vipimo kwenye karatasi, akanikatia vyuma vya pembe akatoboa na riveti, asubuhi nilimpa mchana nikachukua, kadi zimekaa juu zimeachana upana wa kiganja, raiza zashuka chini. Fundi seremala mmoja wa Lamu aliniambia angenitengenezea ya mbao na nakshi, nikamwambia ya kufunga harusi au ya kuwasha moto?

Mazabodi usihangaike sana. Kadi mbili hazihitaji njia za PCIe za kifahari, zile za data kati ya kadi na mazabodi, ukifanya kazi na kanuni au vinyago (mask, waipa hashcat umbo la paswadi ijaze yenyewe) x4, yaani njia nne, yatosha na hata x1 yaenda, utaona uzito tu ukiilisha orodha kubwa ya maneno peke yake bila kanuni kwenye hashi za haraka kama NTLM, hapo x1 yashindwa kulisha kadi. Hakikisha sloti mbili kubwa zimeachana nafasi tatu kama huna raiza, na kwenye BIOS kuna kitu cha kuwasha kinaitwa Above 4G Decoding, bila hicho kadi za ziada hazionekani na utalaumu mtu wa bure. Ukitaka kupanga nne baadae tafuta zile kompyuta kubwa za ofisi za mitumba, HP Z840 au Dell T7910, zina njia nyingi, ila pawa saplai zake ni za umbo lake zenyewe, ikifa hupati ya kawaida ya kubadilisha.

Prosesa yoyote ya kor nne na kuendelea, RAM 16GB kwa kadi mbili au 32 ukitarajia nne, SSD ya NVMe ya 500GB. rockyou, ile orodha maarufu ya paswadi, yenyewe ni maneno milioni 14 na haifiki hata 150MB, ni orodha ulizozichanganya mwenyewe ndo hujaza diski. Ubuntu bila skrini, waingia kwa SSH kutoka laptopu ukiwa umekaa kwenye upepo.

Ukishafunga usiwashe zote pamoja. Weka kadi moja, washa, hashcat -b (ndo kipimo cha spidi), iache nusu saa. Zima, ongeza ya pili, rudia. Kila mara ikifika nusu saa pitisha mkono kwenye kila plagi, ya kadi, ya raiza, na ile ya ukutani. Vuguvugu ni sawa. Ikiwa huwezi kuishikilia ukahesabu mpaka kumi, zima pale pale, hata kama namba kwenye skrini ni tamu namna gani.